Maua ya Nguo Ukutani: Mfarishi, Shindano, na Jina la Mshonaji

Neno mfarishi limo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani. Limetokana na Kiarabu, katika shina lenye maana ya kutandika, na maana yake ni nguo ya matabaka mawili yenye pamba katikati, ambayo imeshonwa juu hata chini ili pamba isije ikakusanyika upande mmoja. Kazi ya kuishona huitwa kudarizi, na neno hilo hilo hutumika pia kwa kutia nakshi ya uzi juu ya nguo. Yaonekana basi kwamba mfarishi umepata jina lake kwa matumizi yake: ni kitu kinachotandikwa. Lakini katika nchi ya Marekani, ambako ufundi huu umeandikiwa vitabu vingi, mfarishi umeondoka kitandani ukapanda ukutani, na leo vyama vya washonaji huwapa wanachama wao mashindano ya kutengeneza mifarishi ya maua ambayo haikukusudiwa kumfunika mtu hata siku moja. Safari hiyo imechukua zaidi ya miaka mia, na njia nzima yake imeandamwa na swali moja ambalo halijakwisha kujibiwa: kazi hii ni ya nani?

Maua yalitangulia kufika kabla ya mashindano. Katika karne ya 17 na ya 18 wafanya biashara wa Ulaya walileta kutoka Bara Hindi nguo za pamba zilizopakwa na kupigwa chapa ya maua na miti, na rangi zake hazikutoka kwa kufuliwa. Nguo hizo zilikuwa ghali. Wanawake wa Uingereza, na baadaye wa Marekani, waliona hasara kuzitumia nzima nzima. Wakayakata maua moja moja, wakayabandika juu ya nguo nyeupe na kuyashona ukingoni. Kwa njia hiyo kipande kidogo cha nguo ya thamani kiliweza kupamba kitanda kizima. Baadaye, viwanda vilipoeneza nguo za rangi kwa bei nafuu, mshonaji hakuwa na haja tena ya kukata ua lililochorwa na mwingine. Alikata petali kwa kitambaa chekundu, jani kwa cha kijani, na bua kwa ukanda mwembamba uliokatwa mshazari ili upindike bila ya kujikunja. Hapo ndipo ua lilipokuwa lake mwenyewe.

Nguo nyeupe iliyokuwa chini ya maua hayo haikuwa ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Viwanda vya pamba vya Massachusetts, vilivyowapa wanawake wa huko nguo isiyotiwa rangi, ndivyo vilivyopakia nguo ya jamii hiyo hiyo katika majahazi ya Salem na kuileta Unguja, hasa baada ya mapatano ya biashara ya mwaka wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Watu wa pwani waliiita merikani, na jina hilo likaingia bara pamoja na misafara. Pamba yenyewe ililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa wa majimbo ya kusini, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya nguo yo yote. Ni vema jambo hilo likumbukwe katika habari inayohusu majina.

Kati ya miaka ya 1840 na 1850 na kitu, katika mji wa Baltimore, ilizuka desturi ya mfarishi wa albamu. Mfarishi huo ulikuwa na miraba mingi, na kila mraba ulikuwa na shada, kapu au kikuba cha maua namna yake. Mara nyingi kila mraba ulitiwa sahihi kwa wino usioharibu nguo, na mfarishi mzima ukapewa mtu aliyependwa, kama vile mhubiri anayehama au msichana anayeolewa. Hata hivyo, wataalamu waliochungua mifarishi hiyo katika karne ya 20 waligundua kwamba miraba mingi iliyo bora inafanana sana kwa mkono, ingawa sahihi zake ni za watu mbalimbali. Wakakata shauri kwamba baadhi yake ilichorwa, na pengine ikatayarishwa, na fundi mmoja au wachache, kisha ikauzwa kwa wengine waliotia majina yao. Sahihi basi haikuwa daima ushuhuda wa sindano. Wakati mwingine ilikuwa ushuhuda wa mapenzi tu.

Karne ya 20 ilipoanza, Bibi Marie Webster wa mji wa Marion, katika jimbo la Indiana, alikuwa amekwisha pita umri wa miaka 50 alipopata sifa. Mwezi wa Januari 1911 gazeti la wanawake la Ladies' Home Journal lilichapa kwa rangi mifarishi yake ya maua. Rangi zake zilikuwa laini, na maua yake, kama waridi na tulipu, yalitazamwa bustanini kabla ya kukatwa. Wasomaji waliomba vielelezo, naye akaviuza kwa posta. Mwaka wa 1915 alitoa kitabu kizima juu ya historia ya ufundi huo, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake. Tangu hapo ua la nguo likawa na mtungaji anayejulikana kwa jina. Lakini tangu hapo pia maelfu ya wanawake waliweza kushona ua ambalo hawakulitunga.

Mfano ulio bora wa jinsi mashindano yalivyoukuza ufundi huu unapatikana katika Emporia, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Mwaka wa 1857 Bibi Arsinoe Bowen, wa jimbo la New York, alikuwa ametengeneza mfarishi wa bustani, na picha yake ilichapwa katika kitabu cha Bibi Ruth Finley mwaka wa 1929. Bibi Josephine Craig wa Emporia aliiona bustani hiyo, akashona yake mwaka wa 1933. Bibi Rose Kretsinger wa mji huo huo, aliyekuwa amesomea uchoraji katika Art Institute of Chicago, alishona yake mwaka wa 1946 na kuiita Paradise Garden. Bustani ni moja kwa asili, wala hakuna aliyeificha asili hiyo. Lakini Bibi Kretsinger aliupanga upya mpango wa maua kwa jicho la mchoraji, na mfarishi wake ukawa ni jibu, si nakala. Hata tangazo la biashara lilimfaa: mwaka wa 1928 alitengeneza shada la okidi baada ya kuliona ua hilo katika tangazo la Coca-Cola.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hataona jambo hili kuwa la ajabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana na washairi wenzake, thamani ya jibu haikutokana na kuikimbia bahari ya shairi la kwanza, bali ilitokana na kuifuata vina kwa mizani na kisha kusema neno ambalo mwenzake hakulisema. Kipimo kilichowekwa na mwingine hakimfungi mtungaji hodari, ndicho kinachomwonyesha. Wanawake wa Emporia walifanya vivyo hivyo kwa nguo.

Lakini hapa swali la jina linarudi. Bibi Kretsinger alichora maua na kuyabandika kwa mkono wake, kisha kazi ya kudarizi, yaani kushona matabaka matatu pamoja kwa bandi ndogo ndogo kwa muda wa miezi, aliwapa wanawake wengine kwa ujira. Desturi hiyo ilijulikana, wala haikuwa hila. Hata hivyo mfarishi huitwa kwa jina lake peke yake. Mwenye kuusogelea ataona kwamba ua limetuna na uwanja umeingia ndani kwa sababu ya bandi hizo; zikiondolewa, bustani itakuwa picha bapa.

Mwaka wa 1933 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kampuni ya Sears, Roebuck ilitangaza shindano la taifa zima kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago, na mifarishi zaidi ya 24,000 ililetwa. Ulikuwa wakati wa dhiki, na zawadi kubwa ya dola 1,000 ilikuwa mali. Sharti lilikuwa kwamba kazi iwe ya mshindani mwenyewe. Zawadi ikaenda kwa mfarishi wa nyota kutoka Kentucky, na mfarishi wenyewe akapewa Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais. Baadaye ilijulikana kwamba mshindi hakuushona yeye. Aliwaajiri washonaji, nao walinyamaza kwa kuwa walihitaji kazi. Zawadi haikuwafikia. Habari hiyo ilikaa miaka mingi kabla ya kuelezwa hadharani na wanahistoria wa ufundi huo.

Kupanda ukutani hakukuleta haki mara moja. Mwaka wa 1971 Jonathan Holstein na Gail van der Hoof walitundika mifarishi katika kuta za Whitney Museum of American Art, mjini New York, na watu wakashangaa kuona jinsi nguo za kitandani zinavyoweza kutazamwa kama picha za wachoraji. Lakini iliyochaguliwa ilikuwa ya pembe na mistari, iliyoungwa kwa vipande, kwa kuwa ilifanana na michoro ya kisasa. Maua ya kubandikwa yalihesabiwa kuwa pambo tu. Mwaka wa 1973 Bibi Patricia Mainardi aliandika makala ya kuupinga mtazamo wa namna hiyo. Alionyesha kwamba washonaji wengi walijulikana, walitia majina yao, nao walijua vizuri kwamba wanafanya sanaa. Ukuta ulikuwa umeinua nguo na kumsahau mwenyewe.

Mashindano ya vyama vya leo yafaa yatazamwe katika nuru hiyo. Chama hutoa mada, tuseme ua moja, huweka kipimo, ambacho kwa kawaida ni kidogo kuliko kitanda, hutaja tarehe, na mara nyingine humpa kila mwanachama kipande cha kitambaa kile kile ambacho sharti kionekane katika kazi. Mwanachama huchora, hukata na kuacha ukingo mdogo wa kukunjwa chini, hubandika kwa mishono isiyoonekana, hutia pamba, hudarizi, kisha huzungushia upindo na kushona mfuko nyuma wa kupitishia fimbo. Mwisho hushona kitambaa kidogo nyuma chenye jina lake, mahali na mwaka. Ikiwa kielelezo kilitungwa na mwingine, hutajwa. Ikiwa mwingine ndiye aliyedarizi, hutajwa pia. Vyama vingi na maonyesho mengi hutaka hivyo kwa sheria. Kitambaa hicho kidogo, kisichoonekana na mtazamaji, ndicho matunda ya ugomvi wa miaka mia.

Kwa mtaalamu wa lugha, habari hii ina funzo la karibu. Katika pwani, kofia za viua zilizo bora zimepita mara nyingi katika mikono zaidi ya mmoja: wa kuchora na wa kudarizi. Neno kiua lenyewe ni ua dogo. Tena Kiswahili kimekwisha kuwa na maneno yanayotofautisha kazi hizo: kuchora, kubandika, kupiga bandi, kudarizi. Hata hivyo orodha za makumbusho hutosheka na neno moja, kwamba kitu fulani kimeshonwa na fulani. Neno hilo moja ndilo lililomwezesha mshindi wa Chicago kuchukua dola za wengine. Yampasa basi mwandishi wa orodha, akiandika habari za mfarishi au za kofia, aulize si nani mwenye jina tu, bali nani alichora, nani alibandika na nani alidarizi. Na kila kazi aipe kitenzi chake, na kila kitenzi mtendaji wake.

Mfarishi uliotundikwa hautandikwi tena, na jina lake limeachana na shina lake. Lugha huvumilia mabadiliko kama hayo. Lakini mshonaji aliyekaa miezi mitatu na subana kidoleni, akilipa bustani umbo lake, hana sababu ya kuvumilia kuachwa nje ya sentensi.