Watu wa milima katika mji wa Cincinnati

Katika Marekani iko milima iitwayo Appalachia. Huko Kentucky na Virginia ya Magharibi watu wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 mashini zilishika kazi ya mikono, na wachimbaji wengi wakaachishwa. Kati ya 1940 na 1970 watu zaidi ya milioni 3 walishuka kwenda miji ya viwanda: Detroit, Chicago, Cincinnati.

Mjini walichekwa kwa usemi wao. Ijumaa jioni baba alipakia jamaa yote katika motokari, wakarudi milimani kutazama wazee. Mtoto akikosa shuleni Jumatatu, aliitwa mvivu. Sisi tulio karibu na migodi hatushangai: nani asiyerudi kwao wakati wa matanga?

Mwaka 1954 Cincinnati iliita walimu na watumishi wa msaada, na Roscoe Giffin wa Berea College akawaeleza desturi za watu hao. Lilikuwa jambo jema. Lakini, kwa maoni yetu, kuelezwa na mwingine si sawa na kusema mwenyewe. Wenye milima walijisemea zaidi tangu 1974, walipokuwa na shirika lao, Urban Appalachian Council. Mtumishi akiingia nyumbani kwao asitangulize karatasi na maswali. Akae kwanza, aulizie bibi na wajomba, maana hao pia ni jamaa. Mwaka 1992 sheria ya mji ikakataza kumbagua mtu kwa asili yake ya Appalachia, katika kazi na katika nyumba za kupanga.