Mashapo ya Bia na Damu ya Mama Mjamzito

 

Leo tuanze na hamira, ile unayotia kwenye unga wa mandazi. Hamira ni kiumbe hai, kidogo mno kuonekana kwa macho. Ikiwa ndani ya kinywaji chenye sukari, kila seli huelea peke yake ikila. Seli za hamira ya bia zina protini zilizo kama vidole. Sukari ikiwa tele, vidole hivyo hushika sukari ya kinywaji. Sukari ikiisha, kwa msaada wa madini ya kalsiamu hushika ukuta wa seli jirani. Seli hugandamana zikawa mabonge. Mabonge huzama chini au huinuliwa juu na povu.

Viwanda vya bia vya Uingereza vilibaki na mashapo hayo kwa wingi. Mwaka 1902, katika mji wa Burton upon Trent, ilianzishwa kampuni ya kuyageuza kuwa chakula cha kupaka kwenye mkate, kiitwacho Marmite.

Mwaka 1928, daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay, India. Huko wajawazito maskini, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakiishiwa damu, na wengine walikufa. Alichunguza vyakula vyao, kisha akawapa Marmite. Damu yao ikaongezeka! Alitangaza matokeo mwaka 1931.

Je, ndani ya mashapo mlikuwa na nini? Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walipata kitu hicho katika majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulithibitisha kwamba kikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake, huzuia watoto wengi kuzaliwa na mgongo wazi.

Mama, usielewe vibaya: pombe si dawa, tena humdhuru mtoto tumboni. Kula mboga za kijani, kunde na maharagwe. Uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika katika wiki 4 za kwanza, kabla wengi wetu hatujajua tuna mimba. Kwa hivyo ukipanga kuzaa, muulize mhudumu wa afya mapema. Na ukipewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, usiviache kabatini. Vimeze.