Muungu, Mola na Mwenyezi

Baadhi ya jamaa zetu wa Maskati huwakataza wajukuu kusema "Mungu". Hoja yao ni kwamba neno hilo lina wingi, "miungu", basi ni la makafiri. Mtoto aseme "Allah" tu. Mtoto huyo ataisikilizaje dua ya bibi yake?

Tuanze na asili. Wanyanja husema mvula na njala. Sisi tumeiangusha l, tukabaki na mvua na njaa. Kwa njia hiyo hiyo Mulungu, jina wanalolitaja Wagiriama na Wayao, likawa Muungu, kama lisomwavyo katika tenzi za kale, kisha Mungu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye Kiarabu chake hakitiliwi shaka, katika tafsiri yake ya Qurani ya mwaka 1969 aliandika Mwenyezi Mungu. Na Mwenyezi ni "mwenye" letu la Kibantu lililooana na "enzi", litokalo katika izza ya Kiarabu.

Ama wingi, ni kweli Allah halina. Lakini ilah lina aliha, na Qurani yenyewe inalitaja.

La ajabu zaidi ni Mola. Kwa Kiarabu mawla ni bwana, na pia ni mtumwa aliyeachwa huru. Neno moja kwa wote wawili. Kiswahili kilichukua upande wa bwana peke yake, kikamwachia Muumba. Hilo halijapata mkatazaji, maana lanukia Kiarabu.