Majilio katika Kanisa Katoliki Zanzibar

Majilio katika Kanisa Katoliki Zanzibar ni kipindi cha wiki nne hivi kabla ya Noeli, jinsi kinavyoadhimishwa na waamini wa Jimbo Katoliki la Zanzibar, hasa wa mjini Unguja, ambao wengi wao husali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, maarufu kwa jina la Minara Miwili. Kwa kuwa karibu wakazi wote wa visiwa hivyo ni Waislamu, Majilio hayaonekani sana barabarani. Yanaadhimishwa makanisani, na zaidi majumbani: katika vyumba vya kupanga vya Ng'ambo, kota za askari na watumishi, au fleti za majumba marefu ya Michenzani. Pamoja na toba na kungojea, ambavyo ndivyo maana yake ya msingi, waamini hao huyatumia pia kumshukuru Mungu kwa mwaka unaokwisha.

Jina na tarehe

Neno "majilio" latokana na kitenzi "kuja" katika umbo la "kujilia", nalo lina maana ileile ya Kilatini "adventus", yaani ujio. Kipindi kinaanza Jumapili ya nne kabla ya Noeli, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na kumalizika jioni ya tarehe 24 Desemba. Hivyo urefu wake ni kati ya siku 22 na 28. Ndipo mwaka wa liturujia unapoanza, wiki moja baada ya sherehe ya Kristo Mfalme.

Rangi ya mavazi ya padri ni zambarau, isipokuwa Jumapili ya tatu inaporuhusiwa rangi ya waridi kama dalili ya furaha. Siku za Jumapili wimbo wa Utukufu hauimbwi, lakini Aleluya inabaki, tofauti na Kwaresima. Tarehe 17 Desemba zinaanza siku nane za maandalizi ya karibu, ambapo Masifu ya Jioni yana antifona za pekee zinazoanza kwa mwito "Ee".

Katika makanisa mengi huwekwa pia shada la majani mabichi lenye mishumaa minne, inayowashwa mmoja baada ya mwingine kila Jumapili. Desturi hiyo si ya zamani sana wala haikuanzia kwa Wakatoliki: ilibuniwa mwaka 1839 na mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani.

Visiwani Majilio huangukia mwisho wa mvua za vuli, wakati upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma. Kwa karne nyingi huo ulikuwa msimu wa kungojea majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kwa hiyo mji ulizoea kutazamia wageni wa Desemba hata pasipo Wakristo.

Historia

Wareno walikuwa na kanisa dogo mjini Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 17, mahali ambapo Waomani walijenga baadaye Ngome Kongwe. Baada ya Wareno kufukuzwa, ibada za Kikatoliki hazikuacha jamaa ya kudumu.

Mwanzo mpya ulikuwa katika siku za mwisho za Majilio ya mwaka 1860, wakati wa Sultani Majid, alipofika padri Mfaransa Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadri wenzake na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Walianzisha hospitali na karakana za ufundi, wakapokea watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao watoto. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu chini ya padri Antoine Horner, na mwaka 1868 wamisionari walivuka bahari kwenda kuanzisha misheni ya Bagamoyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kwa hiyo Wakatoliki wa kwanza wa mji huo waliosikiliza masomo ya Majilio kuhusu wafungwa kuachiliwa huru walikuwa na kumbukumbu ya mnyororo miilini mwao. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na yeyote anayeyaona masomo hayo kuwa mafumbo tu.

Kanisa la Minara Miwili lilijengwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kwa mtindo wa makanisa ya kusini mwa Ufaransa. Minara yake inaonekana toka baharini na toka paa nyingi za Mji Mkongwe, ingawa ukiwa chini, katika vichochoro, ni rahisi kulipita bila kujua. Miongoni mwa wamisionari walioishi Zanzibar wakati huo alikuwepo Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotolewa mwaka 1939, bado inatumiwa na wataalamu wa lugha.

Wagoa na tarehe 3 Desemba

Hadi mwaka 1964 sehemu kubwa ya waamini wa Minara Miwili walikuwa Wagoa, yaani Wakatoliki wenye asili ya Goa, koloni la Wareno huko Bara Hindi. Walikuwa makarani wa serikali, mafundi cherehani, waokaji mikate, wapiga picha (studio ya A. C. Gomes ndiyo iliyojulikana zaidi) na wanamuziki. Hata bendi ya Sultani Barghash ilikuwa na wapigaji wa Kigoa.

Kwao Majilio yalikuwa na sikukuu kubwa mwanzoni kabisa: tarehe 3 Desemba, kumbukumbu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa Goa, ambaye mwili wake umehifadhiwa katika kanisa la Bom Jesus. Mtakatifu huyo alipita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1542, akasimama Malindi, akiwa njiani kwenda Goa. Kwa desturi ya Kigoa sikukuu hutanguliwa na novena, hivyo sala za jioni zinaanza kabla ya Majilio yenyewe. Siku tano baadaye, tarehe 8 Desemba, hufuata sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kipindi ambacho kwa kanuni ni cha utulivu kilikuwa, kwa watu hao, na shamrashamra tangu wiki ya kwanza.

Majilio ya mwaka 1963 yalikuwa ya pekee kwa sababu mbili. Tarehe 4 Desemba Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya liturujia, iliyofungua mlango kwa Misa kuadhimishwa kwa Kiswahili badala ya Kilatini. Siku sita baadaye, tarehe 10 Desemba, Zanzibar ilipata uhuru kutoka Uingereza. Mwezi mmoja baada ya hapo, tarehe 12 Januari 1964, yalitokea Mapinduzi. Shule za misheni zilichukuliwa na serikali mwaka huohuo, na Wagoa wengi walihama kwenda bara, Kenya, Uingereza, Kanada na kwingineko. Misa ya Kiswahili ilikuja, lakini wengi wa waliokuwa wameijaza kanisa hawakuwepo tena kuisikia.

Jimbo na waamini wa leo

Desemba 1964 visiwa vilitengwa na jimbo la Mombasa, vikawa chini ya msimamizi wa kitume. Tarehe 28 Machi 1980 vilifanywa jimbo kamili. Askofu wa kwanza alikuwa Bernard Martin Ngaviliau. Mwaka 1996 aliteuliwa Augustino Shao, naye pia wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Waamini wengi wa sasa wana asili ya Tanzania bara: walimu, askari, wauguzi, wafanyabiashara wadogo, mafundi ujenzi na wafanyakazi wa hoteli. Wapo pia wazawa, wakiwemo watoto na wajukuu wa wachumaji karafuu na vibarua wa mashambani. Idadi kamili ya Wakristo visiwani hukisiwa tu, kwa sababu tangu sensa ya mwaka 1967 watu nchini hawaulizwi dini yao.

Asili hiyo ya bara inaathiri sana Majilio. Kadiri Noeli inavyokaribia, ndivyo boti za Dar es Salaam zinavyojaa watu wanaokwenda kwao Kilimanjaro, Mbeya au Songea. Anayebaki mara nyingi ni yule asiyepata likizo. Desemba ni pia mwanzo wa msimu mkubwa wa watalii, na mfanyakazi wa hoteli za Nungwi au Paje anaweza kupamba mti wa Noeli kwa ajili ya wageni wiki kadhaa kabla ya kupata Jumapili moja ya kwenda kusali.

Sala za jumuiya

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walithibitisha kwamba msingi wa maisha ya parokia uwe Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, yaani kundi la familia jirani zinazokutana kila wiki nyumbani kwa mmojawao. Mahali ambapo Wakatoliki ni wengi, jumuiya ni mgawanyo wa parokia tu. Zanzibar ina uzito zaidi, kwa kuwa familia moja inaweza kuwa peke yake katika jengo zima.

Michenzani inafaa kutazamwa kama mfano. Mtaa huo upo Ng'ambo, mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu kutoka Minara Miwili, kwa kupitia Darajani. Majumba yake marefu ya ghorofa yalianza kujengwa wakati wa Rais Abeid Amani Karume, chini ya mpango wa kuwapa wananchi makazi ya kisasa, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Kuta ni nyembamba kuliko zile za mawe za Mji Mkongwe, na ngazi ni za wote. Katika mazingira ya namna hiyo sala ya jumuiya ni lazima ifanyike kwa kuzingatia majirani: sauti za kadiri, saa isiyogongana na adhana, na viatu mlangoni kama kwa mgeni yeyote.

Kama kwingineko Tanzania, katika Majilio jumuiya husoma Injili ya Jumapili inayofuata, hushirikishana neno, huombea wagonjwa na kukusanya mchango kwa ajili ya wahitaji. Vyama vya kitume, kama vile WAWATA kwa wanawake na VIWAWA kwa vijana, huandaa usafi wa kanisa, kwaya na pango la Noeli. Mapadri hutenga siku za Sakramenti ya Kitubio. Kuanzia tarehe 16 Desemba husaliwa novena ya Noeli. Watoto wa Utoto Mtakatifu hufanya mazoezi ya igizo la kuzaliwa kwa Yesu, ambalo kwa kawaida lina malaika wengi kuliko wachungaji, kwa sababu kila mtoto anataka mabawa.

Shukrani

Neno "Ekaristi" ni la Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Kwa msingi huo kila Misa ni tendo la kushukuru, lakini masomo ya Majilio yanalisisitiza kwa namna yake. Jumapili ya kwanza ya Mwaka B Mtume Paulo anamshukuru Mungu kwa ajili ya Wakristo wa Korintho. Jumapili ya tatu ya mwaka huohuo anawahimiza Wathesalonike kushukuru katika kila hali. Na Jumapili ya tatu ya Mwaka C anawaagiza Wafilipi kuambatanisha maombi yao na shukrani. Tarehe 22 Desemba husomwa utenzi wa Bikira Maria nyumbani kwa Elizabeti. Ni wa shukrani, nao unatolewa kabla mtoto hajazaliwa. Hapo ndipo kushukuru na kungojea vinapokutana.

Katika parokia za Tanzania shukrani ina sura ya wazi. Familia huleta sadaka ya shukrani kwa kupona, kufaulu mtihani, kupata mtoto au kufika mwisho wa mwaka. Hubebwa altareni fedha, mchele, mafuta, matunda, pengine kuku hai, na vitu hivyo baadaye husaidia mapadri, masista na maskini. Mjini Unguja, ambako wengi hawana shamba, bahasha imechukua mahali pa kikapu. Kilele ni Misa ya tarehe 31 Desemba jioni, ambapo huimbwa utenzi wa kale wa Kilatini "Te Deum" katika tafsiri ya Kiswahili. Kiliturujia siku hiyo si ya Majilio tena, lakini waamini huihesabu kama mwisho wa safari iliyoanza Novemba.

Mashambulizi ya miaka 2012 na 2013

Uhusiano wa Wakristo na Waislamu visiwani kwa kawaida ni wa amani. Hata hivyo, siku ya Noeli ya mwaka 2012 padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi na kujeruhiwa mjini Unguja. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akifika kanisani eneo la Mtoni kuadhimisha Misa. Septemba mwaka huo padri mwingine alimwagiwa tindikali. Viongozi wa dini zote mbili na wa serikali walilaani matendo hayo.

Kwa waamini wa kawaida swali lililobaki lilikuwa la kila siku: kama ni salama kutoka nyumbani usiku kwenda mkesha. Majilio ya mwaka 2013 yalikuwa ya kwanza baada ya mauaji hayo.

Majirani na Ramadhani

Waislamu wa Zanzibar wanamjua Mariamu na mwanawe Isa kutoka Kurani, ambamo sura ya 19 ina jina la Mariamu, ingawa hawasadiki kwamba Isa ni Mungu. Mitaani ni kawaida sahani ya pilau kutoka kwa Mkristo siku ya Noeli kurudi na biskuti au haluwa siku ya Idi, kwa sababu kurudisha sahani tupu ni aibu kwa pande zote.

Kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, Ramadhani huingia ndani ya Majilio kila baada ya miaka 32 au 33. Ilitokea mwaka 2000, ambapo Majilio yote pamoja na Noeli yenyewe yaliangukia mwezi wa mfungo. Migahawa mingi ilifungwa mchana, na mlo wa Noeli ulipaswa kuandaliwa bila kuwakwaza waliofunga. Kwa hesabu za kalenda, Noeli za miaka 2031 na 2032 zitakuwa tena ndani ya Ramadhani.