Kadi, Herufi na Ndigana

Mwanafunzi akija kwangu kutaka kujifunza kuandika programu za utafiti wa viumbe, mara nyingi amekwisha kuchagua lugha: Python au R, kwa kuwa ndizo zinazotajwa kwenye matangazo ya kazi. Mimi humwuliza kwanza anataka kujua nini. Ni swali la kizee, lakini historia ya fani yenyewe iko upande wangu, na historia hiyo inaanza na Margaret Dayhoff.

Dayhoff alikuwa mkemia. Alipata shahada ya uzamivu Columbia mwaka 1948, akiwa amefanya hesabu zake za molekuli kwa mashine za kadi zilizotobolewa, zile zile ambazo maofisi yalitumia kwa mahesabu ya fedha. Miaka ya 1960 ilipoanza akajiunga na Robert Ledley huko Maryland. Ledley naye alisomea udaktari wa meno kabla ya fizikia, jambo linalonifariji mimi daktari wa mifugo.

Shida yao ilikuwa protini. Insulini ina asidi amino 51 tu, na bado Frederick Sanger na wenzake walitumia takriban muongo mzima kujua mpangilio wake. Protini hukatwakatwa kwa kimeng'enya, kila kipande husomwa, kisha protini ile ile hukatwa upya kwa kimeng'enya kingine ili vipande vipishane. Hapo ndipo kichwa huuma: mkia wa kipande hiki ni mwanzo wa kipi? Kwa protini fupi, penseli inatosha. Kwa ndefu, uwezekano unazidi uvumilivu wa mtu. Mwaka 1962 Dayhoff na Ledley wakatoa COMPROTEIN, programu ya FORTRAN iliyofanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya IBM 7090.

Mwaka 1965 Dayhoff na wenzake wakachapisha kitabu cha protini zote ambazo mpangilio wake ulijulikana. Zilikuwa 65. Ili kupunguza ukubwa wa data, akaacha vifupisho vya herufi tatu na kuipa kila asidi amino herufi moja. Leusini ikapata L bila ugomvi. Fenilalanini ikapewa F kwa sababu ya sauti yake. Triptofani ilikuta T imekwisha kwenda kwa threonini, ikapewa W, herufi nene kwa molekuli nene. Ubahili huo wa nafasi ndio tunaoutumia hadi leo, wakati simu ya mwanafunzi inaweza kubeba kitabu kile mara nyingi zisizohesabika.

Mwaka 1982 zabuni ya kujenga GenBank, hifadhi ya umma ya mipangilio ya DNA, ilikwenda kwa maabara ya Los Alamos badala ya kwa Dayhoff. Mwaka uliofuata akafariki. Naona alistahili mwisho mwema zaidi, ingawa waliompinga kwa kutaka data iwe wazi kwa kila mtu walikuwa na hoja. Baadaye ikaja Perl ya Larry Wall, mtu aliyesomea isimu. Lugha ya kuchambua maandishi ikawafaa wanabiolojia, maana jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, ikiisha kusomwa ni maandishi marefu mno.

Kwetu, jenomu iliyonigusa ni ya Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe; ilichapishwa mwaka 2005. Aina iliyosomwa inaitwa Muguga, kwa jina la mahali huko Kiambu. Jenomu hiyo ina herufi za DNA zaidi ya milioni 8 na jeni takriban 4,000. Huwezi kumjaribia ng'ombe jeni 4,000 moja moja. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, wakatumia kompyuta kutafuta protini zenye dalili ya kutolewa nje ya kimelea, kwa kuwa hizo ndizo zenye nafasi kubwa ya kuonwa na seli za kinga. Zilizochujwa zikapelekwa maabara, zikapimwa kwa seli za ng'ombe waliokwisha kupata kinga, na baadhi zikatambuliwa.