Daftari la Kuazimia Vitabu

Mwaka 1974 wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanzania walikutana Dar es Salaam. Chama chao cha pamoja kilikuwa kimevunjwa miaka miwili nyuma, kila nchi ikabaki na chake, na mkutano huo ukawa wa kwanza katika mfululizo unaoendelea hadi leo kwa jina la SCECSAL. Walikuwa na mengi ya kujivunia. Chuo cha ukutubi kilifunguliwa Makerere mwaka 1963; mwaka huohuo Tanganyika ikatunga sheria ya maktaba, na Desemba 1967 Nyerere akafungua Maktaba Kuu.

Lakini mwaka ule wa 1974 vitabu vilikuwa na maisha mengine nje ya jiji. Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yalijaa. Mtu mzima aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma husahau. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa maktaba za vijiji: kabati kwenye darasa au ofisi ya kijiji, vijitabu vya pamba, mifugo na lishe, na mtunzaji wa kujitolea. Tena haya yalifanyika wakati watu wakihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu. Ukiazima kitabu leo, kesho nyumba yako iko kwingine! Nani aliandika kilichorudi na kilichopotea?

Swali hilo ndilo utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Taarifa za wakutubi nimezisoma nyingi. Daftari la kijiji la miaka ile sijaligusa hata moja, na kwa maoni yangu historia ya kusoma nchini mwetu imeandikwa na waliokuwa na mihuri.

Mwaka jana nilihudhuria mkutano wa watunzaji wa maktaba ndogo. Tuligawiwa fomu ya takwimu: idadi ya wasomaji, idadi ya vitabu vilivyoazimwa. Mama mmoja, mtunzaji wa maktaba ya kijijini kwao, alitoa daftari lake. Jina, kitabu, tarehe, kisha safu ya nne aliyoichora kwa rula: amesomewa na nani. Wazee huazima, wajukuu huwasomea. Akauliza hao awahesabu mmoja au wawili. Watu wakacheka kidogo, mwenyekiti akasema atafuatilia, tukaenda kunywa chai. Nilimwomba ruhusa nikapiga picha kurasa kumi na mbili.