Mzigo wa Mtoto Katika Njia ya Tabora



Wazazi huja kuniuliza baada ya sala ya alasiri: "Sheikh, mwanangu ametimia miaka mitano, na chuoni yuko katika juzuu ya Amma. Je, nimtie darasa la awali, au nimngoje mpaka afike miaka saba?" Swali hili si dogo. Kabla ya kulijibu, natutazame nyuma kidogo katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton aliifuata njia hiyo. Alitoka pwani mwezi wa Juni, akafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, na Burton ameandika habari ya watoto wao: kwamba wakiwa na miaka sita au saba tu, walibeba mabegani pembe ndogo za ndovu.

Zingatia, ewe mzazi. Mtoto yule hakutwikwa pembe ya babake, ikamvunja mgongo. Wala hakuachwa mikono mitupu mpaka siku ya safari. Alipewa mzigo wa kadiri yake, bega likazoea. Biashara ile haikuwa njema yote, kwani katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa. Lakini hekima ya kumwandaa mtoto yafaa kuokotwa popote.

Sasa tutazame tulipoteleza. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kusoma, na barua zao za Kiswahili wakiziandika kwa herufi za Kiarabu. Wakaja Wajerumani, wakafungua skuli ya serikali Tanga mwaka 1892, na herufi za Kirumi zikawa ndizo za ofisi. Msomi wa jana akaamka hajui kusoma! Zama za Waingereza, skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, nazo zikapata ruzuku ya serikali. Vyuo vya Qur'ani havikupata. Wazazi wengi Waislamu wakawazuia watoto wao, wakichelea wasije wakabatizwa. Hofu ile ilikuwa na sababu, wala hatuwalaumu. Lakini mlango uliofungwa kwa hofu haukumdhuru mwenye skuli. Ulimdhuru mtoto wetu, na mpaka leo twalia kwamba tuliachwa nyuma.

Huenda ukasema: mbona wako waliochelewa na wakafika? Kweli. Julius Nyerere alianza skuli Musoma mwaka 1934, umri wake miaka 12, na mwaka 1937 akaingia skuli ya serikali ya Tabora. Basi aliyechelewa asikate tamaa. Lakini siku zile wenziwe wengi nao walichelewa. Leo sivyo. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliyatia madarasa ya awali katika mfumo wa skuli, na ile ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Mtoto wako ataingia darasa la kwanza pamoja na wenziwe waliokwisha kushika kalamu.

Na wala dini haitukatazi. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badri, mateka wa Makka waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Walimu wale walikuwa washirikina, na Mtume (s.a.w.) aliiridhia elimu yao, lakini watoto walibaki mikononi mwa Waislamu. Hapo ndipo penye siri.

Kwa hivyo jawabu langu ni hili: mtie, lakini usimtupe. Nenda ukalione darasa kwa macho yako. Uliza nani afundisha, na watoto waimba nini na kuomba vipi. Ukiona mtoto wa miaka mitano atwikwa mitihani na Kiingereza asichokielewa, hiyo ni pembe ya babake, mtafutie pengine. Ukiona acheza, ahesabu na kujifunza herufi kwa lugha ya mamake, huo ni mzigo wake. Na saa ya chuo isiguswe: asubuhi skuli, alasiri Qur'ani. Kama darasa liko mbali, mama na amfundishe nyumbani kuhesabu na kushika kalamu, hata kwa kijiti mchangani.

Wazee wetu walifunga mlango. Sisi tuufungue, na tusimame mlangoni.

Wabillahi tawfiq.